Doa kwenye skani ya mifupa

Je, doa kwenye skani ya mifupa lina maana kwamba saratani ya tezi dume imefika mifupani? Hapana, doa peke yake halithibitishi hilo. Teknesiamu, dawa yenye mionzi inayodungwa kabla ya skani, hujikusanya popote mfupa unapojijenga upya, kwa hiyo goti lenye baridi yabisi au ubavu uliowahi kuvunjika nao utaonekana. Doa moja tu huhakikiwa kwa picha za CT au MRI. PET ya PSMA, yaani skani inayotafuta PSMA, protini iliyo juu ya seli za saratani ya tezi dume, ni bora zaidi: utafiti wa proPSMA wa Australia (2020) uliipa usahihi wa 92%, dhidi ya 65% za CT na skani ya mifupa kwa pamoja. Ila nayo hudanganya, hasa kwenye mbavu, na uvimbe mwingine hauna PSMA ya kutosha. Halafu kojoa kabla ya kupanda mashineni. Mkojo kibofuni hufunika nyonga.