Kufungua EVE Online nne kwa pamoja: anza na RAM

Mkuu, umesema mashine yako ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8, prosesa ya koo (core) nne na bado ina diski ya kawaida, na unauliza kipi kitangulie ili uendeshe akaunti nne za gemu ya mtandaoni ya EVE Online kwa wakati mmoja. RAM, bila kusita. Kila dirisha la gemu linachukua fungu lake, na Windows nayo inataka lake. RAM ikijaa, kompyuta inahamishia data kwenye diski, ndipo picha inaganda kila ukihama dirisha. Nunua GB 32, vijiti viwili vya 16, maana viwili hupitisha data sambamba na kasi huongezeka. Angalia kwanza kama bodi mama yako inatumia RAM ya aina ya DDR3 au DDR4, vijiti vyake haviingiliani.

Kabla hujatoa hela, fungua madirisha mawili na uitazame Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha matumizi ya prosesa na RAM. Kama ni prosesa inayogonga asilimia 100 huku RAM ina nafasi, basi kinachokukwamisha ni prosesa, si RAM.

SSD, yaani diski ya kasi zaidi, ifuate. Kadi ya grafiki iache mwisho: punguza ubora wa picha kwenye madirisha ya pembeni, uyawekee kikomo cha fremu 30 kwa sekunde. Utashangaa mzigo unavyopungua.

Jingine, akaunti za bure, yaani Alpha, haziruhusiwi kufunguliwa pamoja na nyingine. Na programu za kutuma kibonyezo kimoja kwenye madirisha yote zilipigwa marufuku tangu Januari 2015, usiziguse kabisa.