Utambi Gani, Nta Gani? Shangazi wa Mishumaa Anajibu

Barua za mwezi huu nyingi zina kilio kimoja: mshumaa umetoka vizuri kwenye glasi, umepigwa picha ukapendeza, ulipowashwa ukamwaibisha mwenyewe. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inawagusa wengi, na nitaanza nayo.

Anti, shikamoo. Natengeneza mishumaa ya vanila hapa Mbagala. Glasi yangu ina upana wa sentimita 8, nta ni ya soya, na utambi nasuka mwenyewe kwa uzi wa pamba wa kufumia. Ukiwaka unachimba shimo katikati, nta ya pembeni inabaki kama ilivyo, halafu moto unazama na kuzimika. Nitafute nta iliyo laini zaidi? – Msomaji, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Nta yako usiiguse. Aliyekuangusha ni huo uzi wa kufumia.

Kinachowaka kwenye mshumaa ni nta. Moto unaiyeyusha, inapanda kwenye nyuzi za utambi, ikifika juu inageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaotoa mwanga. Kazi ya utambi ni kupandisha. Tumezoea kibatari, ambacho hata kitambaa chakavu ukikisokota kinapandisha mafuta ya taa bila shida, tukadhani na mshumaa ni vivyo hivyo. Mafuta ya taa ni mepesi. Soya iliyoyeyuka ni nzito na ina manukato ndani yake, kwa hiyo uzi uliobanwa vibaya unashindwa kuivuta, na uzi uliolegea unaivuta kupita kiasi.

Tena utambi wa dukani umesukwa kwa makusudi ujikunje unapoungua. Ncha inatoka pembeni mwa mwali, penye joto kali na hewa, inaungua yenyewe na kwisha. Mfaransa Cambacérès ndiye aliyeleta utambi wa kusukwa namna hii mwaka 1825. Kabla yake ilibidi mtu akae na mkasi karibu akikata ncha kila mara. Uzi wako wa kufumia unasimama wima, unajaa kaa juu, basi.

Nunua tambi zenye majina. Utaona herufi na namba, CD au ECO kwa mfano, na namba ikipanda ndani ya aina moja, utambi unanenepa. Usilinganishe namba ya aina hii na ya aina ile, hazina undugu. Kinachoamua namba ni upana wa glasi kwa ndani. Urefu wa glasi hauhusiki, ingawa wauzaji wengi watakuuliza huo kwanza. Kwa sentimita 8 na soya ningeanza na CD 12, na pembeni yake ningeweka CD 10 na CD 14.

Ndiyo, glasi tatu kwa mpigo. Nta ya sufuria moja, manukato kipimo kimoja, siku moja, kinachotofautiana ni utambi peke yake. Bandika karatasi chini ya kila glasi uandike namba, maana ukizichanganya umepoteza nta na muda. Ziache zikae wiki moja hadi mbili, soya inahitaji hivyo kabla harufu yake haijatulia. Kisha kata kila utambi ubaki milimita 6, ziwashe mahali pasipo feni wala dirisha wazi, na ukae nazo. Nasisitiza ukae nazo. Dada mmoja wa hapa Tanga huniambia “nilizijaribu”, kumbe aliziwasha akaenda sokoni.

Kila baada ya saa moja pima kwa rula dimbwi la nta iliyoyeyuka limefika wapi. Kadirio la watu wa kazi hii ni saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana, kwa hiyo glasi yako ipewe kama saa tatu. Zikifika nne, zima. Dimbwi lenye kina cha sentimita moja hivi limekaa vizuri. Ziache zipoe kabisa, kata tambi tena, washa kesho. Endelea hivyo mpaka ibaki sentimita moja ya nta chini, na hapo uache, kwa sababu chini ya hapo moto unapasha kitako cha glasi na glasi hupasuka.

Na hapa ndipo wengi wanapodanganyika, nisomeni polepole: msihukumu kwa siku ya kwanza. Mshumaa ukiwa umejaa, joto lake linapotea juu ya mdomo wa glasi. Ukishuka katikati, kuta za glasi zinalizuia joto lile, dimbwi linapanuka lenyewe. Utambi uliofika ukingoni barabara siku ya kwanza mara nyingi ndio utakaotoa masizi mwishoni. Mimi nikiona siku ya kwanza kumebaki utando mwembamba wa nta pembeni, nafurahi. Utando huo utayeyuka siku ya pili au ya tatu.

Utambi mdogo mno umeshauona: shimo, moto unazama. Ulio mkubwa mno una mwali mrefu unaocheza hata pasipo upepo, kofia nyeusi kwenye ncha, masizi kwenye mdomo wa glasi, na glasi yenyewe huwezi kuishika. Ukipata glasi moja ya kuzama na moja ya kofia, chukua namba iliyo katikati. Na glasi pana kupita sentimita 10 usizitafutie utambi mnene kama kamba. Weka tambi mbili ndogo.

Kitu kimoja cha pembeni. Ukiuziwa utambi wenye waya ndani, usugue waya kwenye karatasi nyeupe. Ukiacha alama ya kijivu kama penseli, ni madini ya risasi yenye sumu, tupa. Marekani walizipiga marufuku mwaka 2003. Waya wa zinki hauachi alama hiyo na hauna neno.

Habari Shangazi. Niko Nairobi. Wateja wangu wanataka “natural” pekee, wanasema parafini ni sumu. Soya naagiza kwa bei ghali. Je, nitumie nta ya nyuki, au mafuta ya nazi ambayo ni rahisi kupata? – Msomaji, Kikuyu

Mafuta ya nazi yaache jikoni. Yanayeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo kwako Kikuyu yataganda ukajiona mshindi, mteja wako wa Mombasa akifungua kifurushi atakuta supu. Nta ya nazi inayouzwa kwa ajili ya mishumaa ni kitu kingine, imefanyiwa kazi kiwandani ikagandishwa.

Nta ya nyuki naipenda kuliko zote, na Tanzania tunayo nyingi. Nyuki wa misitu ya miombo ya Tabora wameilisha biashara hii miaka mingi. Lakini ijue tabia. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ni ngumu na nzito, inataka utambi mnene kuliko soya kwa glasi ileile, kwa hiyo jedwali la soya halikusaidii. Ina harufu yake ya asali na haipendi kubeba ya mwingine. Ukitia lavenda utapata asali iliyokasirika. Wauze watu nta ya nyuki kama nta ya nyuki. Ikikushinda ugumu, sehemu nne za nta kwa moja ya mafuta ya nazi huilainisha kwa glasi. Hapo nazi ina kazi.

Ukiinunua kwa warina asali, isafishe kwanza: iyeyushe ndani ya maji ya moto, ichuje kwa kitambaa cha pamba, iache igande juu ya maji, kisha ukwangue uchafu uliokaa chini yake. Uchafu huo ndio unaoziba utambi, na watu wakalaumu utambi. Hakikisha pia imekauka, matone ya maji hufanya moto utatarike. Tumia sufuria ya stenlesi, ya chuma huitia rangi.

Kuhusu parafini: inatokana na mafuta ya petroli, hilo ni kweli, na anayeikataa kwa sababu hiyo nitamheshimu. Ila masizi yanayowatisha watu hutoka kwenye utambi mkubwa, na soya yenye utambi mkubwa inachafua dari vilevile. Parafini inarusha harufu vizuri na haihitaji kukaa wiki mbili. Kasoro yake ni kunywea ikipoa. Ile ya magunia iliyoandikwa 58/60, yaani nyuzi joto inazoyeyukia, ni ya mishumaa ya kusimama. Kwenye glasi inajivuta kutoka ukutani na kuacha tundu kuzunguka utambi, itabidi uitoboe na kumwagia mara ya pili. Kwa glasi tafuta parafini laini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 50 na kidogo. Mimi huku kwenye joto la Tanga nachanganya soya na parafini kidogo ili mishumaa isilegee Februari, na kwenye lebo naandika hivyo hivyo.

Baridi yenu ya Julai itakutendea jambo moja: nta itaachana na glasi na kuacha mabaka kama maji. Pasha glasi kidogo kabla ya kumwaga. Mabaka yakibaki, ni sura tu, mshumaa unawaka.

Asalaam aleikum, bibi. Nina mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu, hapa Pemba, nayatia kwenye mishumaa kwa kijiko. Nikizidisha ili inukie, mshumaa unatoka jasho juu na moto unarukaruka. Mwenzangu anatia marashi ya waridi, wake ndiyo balaa. – Msomaji, Chake Chake

Waaleikum salaam. Mwambie mwenzako aache leo. Marashi ya waridi ni maji, na maji ndani ya nta ya moto hurusha cheche. Manukato ya kujipulizia nayo yana spiriti, hayafai pia. Yanayofaa ni mafuta yenyewe.

Wewe tatizo lako ni kijiko. Mafuta ya karafuu ni mazito, yanazama kwenye maji. Ya mchaichai yanaelea. Kijiko kimoja cha haya na kimoja cha yale si uzito mmoja. Nunua mizani ya jikoni. Anza na gramu 6 za mafuta kwa kila gramu 100 za nta. Soya nyingi zinakomea kwenye 10, na nta isiyoweza kubeba zaidi inayatema juu. Hilo ndilo jasho unaloliona. Mafuta yaliyozidi yanaziba utambi au yanawaka vibaya, na hapo utabadilisha tambi bure mwaka mzima.

Yatie nta ikiwa nyuzi 80 hivi, imeshatoka jikoni, koroga polepole kama dakika mbili, mwaga ikishuka karibu na 60. Yeyusha nta ndani ya sufuria iliyowekwa kwenye sufuria ya maji, si juu ya moto moja kwa moja, na nta ikishika moto funika kwa mfuniko. Maji, hapana kabisa. Vaa glavu pia, mafuta ya karafuu yanachoma ngozi.

Kwa pua yangu karafuu tupu inaumiza kichwa kabla chai haijaisha. Sehemu mbili za mchaichai kwa moja ya makonyo inapendeza sebuleni. Ukipata mchanganyiko wako, rudia jaribio la tambi upya hata kama nta na glasi ni zilezile, kwa sababu mafuta mazito yanataka utambi uliopanda namba moja.

Assalamu alaykum. Nipo Muscat, nataka kutia udi wa kusaga na mawaridi makavu ndani ya mshumaa, nimeona picha nzuri. Utambi gani utafaa? – Msomaji

Waalaykum salaam. Hakuna. Unga wa udi unazama na kuziba utambi, na waridi kavu likielea karibu na mwali linakuwa utambi wa pili usiouomba. Buni za kahawa na vijiti vya mdalasini ni hivyo hivyo. Udi una chetezo chake na mkaa wake. Ukitaka mshumaa unukie udi, tafuta mafuta ya manukato ya udi yaliyotengenezwa kwa mishumaa. Mawaridi yafunge nje ya glasi kwa utepe, na kabla ya kuwasha yaondolewe.

Shangazi, nimepata oda ya mishumaa 60 ya harusi, Jumamosi ijayo, hapa Arusha. Sijawahi kuuza. Nta ya soya ninayo kilo nane, glasi nimeshanunua, utambi bado. Nifanye majaribio mangapi? – Msomaji, Arusha

Hongera, ila kwa soya umechelewa. Ukimwaga leo, Jumamosi itakuwa haijakomaa, na utambi utakuwa hujaujaribu mpaka chini. Siwezi kukwambia uweke glasi 60 ambazo hujaziona zikiwaka kwenye ukumbi uliojaa vitambaa vya satini, maua ya plastiki na watoto wanaokimbizana.

Mpigie bibi harusi umwambie utampa vijishumaa vya vikombe vya bati. Vinatumia parafini, utambi wake unauzwa tayari umekatwa na kushikizwa kwenye kibati chake, na kimoja cha gramu 15 huwaka karibu saa nne. Tengeneza sita kesho, viwashe vyote hadi viishe, uandike saa. Vikipita, endelea na vilivyobaki, na uongeze vya akiba kwa sababu sherehe zenu huanza saa mbili baada ya muda ulioandikwa kwenye kadi. Kikombe cha bati kinapata joto kali, kiketishe ndani ya hizo glasi ulizonunua au juu ya kisahani, kisiguse kitambaa.

Usitie manukato. Ni meza za chakula hizo, watu wanataka kunusa pilau. Soya yako mwagia glasi tatu wiki hii, CD 10, 12 na 14 kama glasi zako zinalingana na za yule wa Mbagala, na baada ya wiki mbili niandikie zimewakaje.