Je, mwanasiasa huhusudiwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Hapa mtaani kwetu Igoma, Mwanza, tunaandaa risala ya kumuaga diwani aliyemaliza muda wake. Niliandika "diwani tunayemhusudu sana". Katibu akalifuta neno hilo, eti kuhusudu ni kuona kijicho, akaweka "Mheshimiwa diwani wetu mpendwa". Mjumbe mmoja naye akataka yote mawili yafutwe, kwa sababu hakuna mwanasiasa wa kuhusudiwa wala wa kupendwa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Katibu wenu ana hoja, ila ni hoja ya zamani. Husudu, husuda na hasidi ni maneno ya mzizi mmoja kutoka Kiarabu, na asili yake ni ubaya mtupu: kuumia kwa sababu mwenzako kapata, na kutamani apokonywe. Mzee wa Tanga au Unguja ukimwambia unamhusudu, huenda akakuuliza amekukosea nini.

Lakini kwetu Bara kitenzi hiki kimeshahama. Kurasa za michezo humwandika mshambuliaji "anayehusudiwa na wengi", na hakuna shabiki anayeelewa kwamba mchezaji huyo anarogwa. Angalia jambo moja hapa: kilichohama ni kitenzi peke yake. Nomino zimebaki kulekule. Ukisema "nina husuda na diwani", umejishtaki mwenyewe, na "mimi ni hasidi wake" ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo "tunayemhusudu" ni sahihi kwa wasomaji wa Mwanza. Kwa risala itakayosomwa kwa sauti mbele ya wageni wa kila pembe, mimi ningelikwepa, maana atakayeguna ataguna wakati maikrofoni iko wazi.

Mjumbe wenu nadhani ana ugomvi na neno siasa zaidi ya kuwa na ugomvi na diwani. Si wa kulaumiwa. Nenda Mwaloni pale Kirumba asubuhi, simama kwenye magunia ya dagaa, anza kuzunguka mbuyu kuhusu bei. Utaambiwa, "Kaka, usiniletee siasa, taja hela." Siasa hapo ni maneno matupu. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika Kiswahili cha zamani kufanya jambo kwa siasa ni kulifanya kwa upole, taratibu, kwa uangalifu, na Kiarabu ilikotoka ina undugu na neno la mtunza farasi. Baadaye siasa ikawa mwelekeo wa nchi: Azimio la Arusha la 1967 lilitupa siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, na 1972 TANU ikatoka Iringa na kaulimbiu "Siasa ni Kilimo". Leo maana hiyo imechukuliwa na neno sera, na siasa ikaachiwa makapi. Mtu akisema "mwanasiasa hastahili kuhusudiwa", masikio yetu yanasikia "mpiga maneno hastahili kuhusudiwa", na nani atabisha? Mwambie aseme "kiongozi" kisha arudie sentensi yake, uone kama ataitamka kwa ujasiri uleule.

Sasa tugeukie Mheshimiwa, maana huku ndiko katibu alikoteleza. Heshimiwa ni kauli ya kutendwa: yule ambaye anaheshimiwa. Neno halisemi anaheshimiwa na nani, wala kwa lipi. Ni neno la kiti. Bungeni hata anayekaribia kutolewa nje kwa utovu wa nidhamu hutolewa akiwa Mheshimiwa. Kuliweka kwenye risala ni adabu njema, liacheni, lakini msidhani mmeshamsifu diwani. Julius Nyerere, mtoto wa Butiama jirani zetu wa Mara, aliongoza nchi hadi 1985 na watu wakamwita Mwalimu, jina la kazi aliyoiacha 1955. Jina hilo linakueleza mtu alifanya nini.

Lipo neno ambalo nashangaa hamkulifikiria, na nina hakika mnalitumia kila siku kwenye daladala: kukubali. "Jamaa namkubali sana." Kwa mtaani ndilo neno hasa la hisia unayoitafuta, na kwa wanasiasa ni neno la thamani kuliko husudu. Kukubali mtu si kukubaliana na mtu. Kile kiambishi -an- kinaleta pande mbili na maafikiano: "nakubaliana naye" maana yake rai yetu ni moja. "Namkubali" maana yake nimemuona kimo chake, basi. Ndiyo maana sentensi hii ni Kiswahili safi: "Namkubali, ila sikubaliani naye." Mwana CCM anaweza kuisema juu ya mpinzani, na mpinzani juu ya mwana CCM, na hakuna aliyehama chama. Mjumbe wenu angeijua, angeokoa muda wa kikao.

Kwa lugha ya risala, kukubali ni neno la kijiweni mno. Tumieni kustahi. Staha ni heshima yenye haya ndani yake, haina kelele. (Msiichanganye na kustahili, yanafanana kwa sura tu, hayana mzazi mmoja.) Na kitenzi chochote mtakachochagua, kipeni "kwa": tunakustahi kwa lipi? Mfano kutoka hapahapa: "Tunamstahi Paul Bomani kwa kuwaunganisha wakulima wa pamba katika ushirika miaka ya 1950." Unaweza kuipinga sentensi hiyo, unaweza kuipima, lakini huwezi kusema ni kilemba cha ukoka. Ninyi andikeni: "Mheshimiwa diwani, tunakustahi kwa" kisha mtaje kisima, mtaro, darasa, au siku aliyokaa msibani hadi usiku. Mkikosa cha kuweka baada ya "kwa", mjumbe wenu atakuwa ameshinda, na risala iwe fupi.

Jihadharini na kusifia. Kisarufi halina kosa, ni kusifu kuliko na kiambishi cha kutendea: unamsifia mtu kazi yake. Matumizi yameliharibu. Siku hizi anayesifia ni chawa, mpiga mapambio, na wahenga walishaonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. "Tunakusifu kwa" bado ni salama. "Tunakusifia" itawachekesha vijana wa nyuma.

Mtajaribiwa pia kuandika "tutakuenzi daima". Kuenzi ni neno zuri, limetokana na enzi, na kila tarehe 14 Oktoba tunahimizwa kumuenzi Baba wa Taifa. Lakini kwa mazoea yetu limewaelekea zaidi waliokwisha kutangulia. Bomani, aliyefariki 2005, tunaweza kumuenzi bila wasiwasi. Diwani wenu yuko hai, ameketi meza kuu na familia yake. Mkimwambia mtamuenzi, mkewe atageuka kumtazama, akidhani mna habari za hospitali ambazo yeye hajapewa.