Kabla Hujaweka Chumvi kwa Sababu ya Nyuklia, Soma Yaliyonipata 2011

Jumanne usiku nimefunga duka Kibuye, niko kwa matatu naelekea Mamboleo, meseji ikaingia. Ni dada mmoja wa Bondo ambaye husoma ninayoandika hapa. Ananiambia hivi: "Dada, huu mtambo wa nyuklia wanasema watajenga huku kwetu Siaya, ukilipuka si tutaisha wote? Mimi nimeshaanza kuweka chumvi, niko na pakiti kumi na mbili, niambie kama zinatosha."

Sikumjibu. Niliisoma mara tatu nikaweka simu kwa kibeti, na nilipofika nyumba mwanangu akaniuliza mama mbona umenyamaza. Ni hilo neno chumvi. Sijawahi kuandika hii stori hapa kwa sababu inanihusu vibaya na inamhusu mama yangu, lakini nimeona nikinyamaza kuna mama wa mtu mwingine ataipitia.

2011 nilikuwa nafanya kazi saiba moja pale Kondele. Nyumbani kwetu ni Rarieda, si mbali na pale Lwanda Kotieno ambapo feri inavukia kwenda Mbita, na kwa boma letu mimi ndio nilikuwa mtu wa kompyuta. Kitu chochote kikitokea duniani wananipigia mimi. Na ndugu yangu anayenifuata alikuwa Japani, mji wa Sendai, amepata skolashipu, tulikuwa tumechangisha hadi ng'ombe wa baba akauzwa ndio apate tikiti.

Ijumaa tarehe 11 Machi, saa tatu kasorobo asubuhi saa zetu, kukapigwa tetemeko la kipimo cha 9.0 na baadaye bahari ikapanda. Nilikuwa nimefungua saiba tu. Nikaanza kuona zile video za maji meusi yakibeba nyumba na magari na nikajua ni upande huo huo wa ndugu yangu. Nikapiga simu haiingii, nikaandika imeili, kimya. Jumamosi tukasikia kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi kimelipuka, Jumatatu kingine, na mimi nikipima kwa ramani naona Sendai iko karibu kilomita 100 kutoka hapo. Silali, sili, mama ananipigia kila saa ananiuliza "nyathina (mtoto wangu), umempata?" nami sina la kumwambia.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jumatatu jioni meseji ikaingia kwa simu yangu, sikumbuki hata nani alituma, inasema mionzi ya Japani inakuja na mvua, mtu asinywe maji ya mvua, asitoke nje, na ajikinge kwa kunywa maji ya chumvi kwa sababu chumvi ina iodini. Sikuuliza imetoka wapi. Niliituma kwa kila namba ya nyumbani niliyokuwa nayo, nikaongeza na maneno yangu mwenyewe, nikasema "nimethibitisha". Nimethibitisha wapi? Mimi ndio mtu wa kompyuta, basi wakaamini.

Mama alikuwa na tangi la mabati, maji ya mvua iliyonyesha wiki hiyo, na wale mnaojua Rarieda mnajua maji kule si mchezo, unaenda na punda mpaka ziwani. Akayatoa yote. Dada yangu mdogo aliniambia mama aliteka mtungi mmoja baada ya mwingine akimwaga pale chini ya mwembe, peke yake, na alipomaliza akalipiga tangi kwa kiganja kusikia kama limebaki tupu. Halafu akakoroga chumvi kwa kikombe akanywa. Asubuhi tena. Jioni tena. Mama ana presha.

Alilazwa siku tatu. Kichwa kilikuwa kinampasua na miguu imevimba, na daktari aliponiuliza amekula nini na mimi ndio niliyekuwa nimesimama hapo, nilisema sijui. Hiyo ndio sehemu ambayo bado inaniuma mpaka leo, si ile meseji peke yake, ni ile "sijui". Nilimwambia ukweli nesi usiku, nikiwa nje kwa ukumbi.

Mama alipona. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Baba mdogo ndiye aliyesema, mbele ya watu, kwamba msomi wetu karibu atuzikie mama. Nimesamehe lakini sijasahau.

Na ndugu yangu? Alipatikana Jumanne kwa simu ya kuazima, mzima. Unajua aliniambia nini? Kwamba alikuwa kwa shule moja ya msingi iliyofanywa makao, theluji inanyesha, hakuna stima, hakuna gesi, maji ni ya kupanga laini, petroli hakuna kabisa. Mwalimu mmoja alikuwa na redio ndogo ya betri, amekaa nayo mlangoni, na kila tangazo likitoka anawasomea wote pole pole. Wale waliotoka nje wakirudi wanavua jaketi mlangoni, wananawa mikono na uso, ndio waingie. Basi. Mimi niliye mbali maelfu ya kilomita namnywesha mama yangu chumvi, na yeye aliye karibu anafunga dirisha anasikiliza redio.

Tangu hapo nikaanza kusoma hii kitu kwa hasira, na kwa hii mambo sasa hunidanganyi. Kwanza, mtambo wa stima haulipuki kama bomu la Hiroshima, fueli yake si ya namna hiyo. Ile milipuko ya Fukushima ilikuwa gesi ya haidrojeni. Maji ya bahari yalizima jenereta, na bila jenereta hakuna pampu, bila pampu maji ya kupoza vinu hayazunguki, vinu vitatu vikayeyuka ndani na gesi ikajaa kwa jengo. Ukuta wao wa kuzuia bahari ulitengenezwa kwa mawimbi madogo, na siku hiyo maji yalikuja kama mita 14. Hilo ndilo swali la kuuliza mtu yeyote anayetaka kujenga karibu na maji: ukikosa stima wewe mwenyewe, utapoza na nini?

Pili, hiyo iodini. Kinu kikivuja kinaweza kutoa iodini ya mionzi, na mwili hauwezi kuitofautisha na ile ya kawaida, unaipeleka kwa ile tezi ya shingo inayovimba mtu akiwa na rovu. Vidonge vya iodini vinaijaza tezi mapema ndio ile mbaya ikose nafasi. Cha mtu mzima ni miligramu 130 na kinafaa ukimeza muda mfupi kabla au saa chache tu baada, na unameza ukiambiwa na watu wa afya, si ukijisikia. Hakikingi kitu kingine chochote isipokuwa hiyo tezi. Sasa dada yangu wa Bondo, chumvi ya dukani ina iodini kidogo sana, ungelazimika kula zaidi ya kilo nzima kupata kiasi cha kidonge kimoja, na kilo ya chumvi itakumaliza kabla mionzi haijafika Kisumu. Pakiti kumi na mbili pikia omena mwaka mzima.

Tatu ni maziwa, na hii wengi hawaisemi. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kule Ukraine ulilipuka tarehe 26 Aprili 1986, na mji wa Pripyat uliokuwa pale mlangoni ulikuja kuhamishwa kesho yake mchana, watu wakaambiwa wabebe vitu vya siku tatu na hawakurudi tena. Lakini mbali na hapo, vijijini, ng'ombe waliendelea kula nyasi zilizoangukiwa na hiyo iodini na watoto wakaendelea kunywa maziwa. Kufikia 2005 zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto na vijana wakati huo walikuwa wamepatikana na saratani ya hiyo tezi, na maziwa ndio yanatajwa sana. Iodini hiyo nguvu yake inapungua nusu kila siku 8. Yaani wangezuiwa maziwa wiki chache tu! Wiki chache, na maziwa ya unga yangetosha. Mimi nikifikiria hiyo kama mama nashindwa kuongea.

Na kukimbia ovyo pia kunaua. Fukushima, wagonjwa wa hospitali moja karibu na mtambo walipakiwa kwa mabasi masaa mengi bila dawa bila matunzo, wengine wakafia njiani na wengine walipofika. Mkoa huo umehesabu vifo zaidi ya 2,000 vilivyotokana na shida za kuhamahama, wengi wao wazee. Vya mionzi, serikali ya Japani ilikubali kimoja mwaka wa 2018, cha mfanyakazi wa mtambo. Kwa hivyo mtu akikuambia hapo uko beba kila mtu mkimbie, muulize kwanza nani amesema.

Nilienda kwenye mkutano mmoja wa kueleza wananchi kuhusu huo mpango. Mnajua serikali ilianza na Uyombo kule Kilifi, watu wakakataa, sasa macho yamegeuka Siaya, na wanasema wangetaka stima ianze kutoka 2034. Nikainua mkono, nikauliza vitu vitatu. Vidonge vitakaa wapi, kwa zahanati au Nairobi? King'ora kitasikika mpaka wapi na kitaongea lugha gani? Na barabara ya kutoa watu ni ipi wakati mvua imenyesha na ile ya kwetu imekatika? Yule mheshimiwa mbele akacheka akasema "mama, tusitishe watu, hayo ni ya sinema." Watu wengine wakacheka naye. Nilikaa chini nikiwa nimewaka moto. Lakini mzee mmoja alinifuata nje akaniambia binti yangu niandikie hayo maswali kwa karatasi nimpelekee chifu, nikamwandikia hapo hapo juu ya tanki la boda, na nimeambiwa yameulizwa tena kwa baraza. Sioni aibu kusema hiyo karatasi inanipa raha kuliko shahada yangu.

Sipingi mtambo na siutetei, nataka stima kama nyinyi. Wengi wenu mnaosoma hapa mnajenga ushago kama mimi, mko na biashara, mko na watoto mnataka wafike mbali. Basi jengeni na akili pia. Chini ya kitanda changu kuna karai lenye kifuniko: redio ya betri, betri mpya, tochi, dawa za presha za mama, kopi za vitambulisho kwa nailoni, pesa taslimu, maziwa ya unga, na pembeni mitungi miwili ya maji iliyofungwa. Sikuiweka kwa ajili ya nyuklia peke yake. Ile usiku ya 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, sisi tulikula tukalala. Mafuriko ya 2024 ilitusaidia tena.

Na siku ikija, Mungu apishe mbali, ni kuingia ndani, kufunga madirisha na milango, kuvua nguo za juu mlangoni na kuzifunga kwa mfuko, kuoga na sabuni, kufungua redio. Ingia ndani, fungua redio. Ukiambiwa uhame unahama, ukiambiwa ukae unakaa. Na kama huna uhakika meseji imetoka wapi, kidole kikae mbali na hiyo simu. Ndugu zangu nawaomba, hasa nyinyi ambao boma linawasikiliza, nyinyi mlioenda shule, neno lenu linanywewa kama dawa. Msiseme mmethibitisha kama hamjathibitisha.

Dada wa Bondo nilimjibu. Kisha Jumapili nikaenda nyumbani. Mama sasa macho yamepungua, redio yake inaning'inia kwa msumari kando ya mlango, na tangi tulibadilisha, ni lile jeusi la plastiki la lita elfu mbili, limejaa. Nikamweleza kuhusu hiyo meseji ya chumvi. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na huo mtambo wakileta ukaharibika, haya maji nitamwaga tena?"

Nikamwambia hapana mama. Nikapanda kwa kiti nikamwonyesha vile bomba la gata linachomolewa kwa tangi ndio maji mapya yasiingie, na vile kifuniko kinafungwa. Akataka kujaribu mwenyewe. Nikamshikia kiti, akachomoa, akafunga, akachomoa tena.