Usikate pembe za hiyo picha, na treni ya Tabora iache iende

Mleta uzi, simama hapohapo. Tiketi ya Tabora usikate, na huyo fundi wa kupaka picha rangi mwambie umeghairi, hata kama ameshakula kianzio. Unasema babu yako amesimama stesheni, nyuma ya picha kuna muhuri wa studio ya Tabora, na ukoo mzima unaapa ni mwaka 1908, enzi za Mjerumani; sasa unataka kwenda Tabora kupatafuta mahali ilipopigwa. Na waliokutangulia kuchangia hapo juu wanakutakia safari njema! Wakuu, mna roho ngumu.

Mimi mwenzako nilifika Kenya.

Nilikuwa na picha ya baba mkubwa, marehemu, amepanga mstari na wenzake, kaptula na soksi za kufika magotini. Nyuma mtu ameandika kwa penseli: "Alliance, Kikuyu". Nikampelekea jamaa mmoja hapa Dodoma anayejiita mtaalamu wa picha za kale. Hakutazama hata sura za watu. Aligeuza nyuma, akasoma, akasema hiyo ni Alliance ya Kenya, ile ya tangu 1926, hakuna ubishi. Mimi nikavimba kichwa. Baba mkubwa kasoma Kenya na hakutuambia! Nilishaanza kuwatambia mashemeji.

Kisha akaniambia picha imechoka, aing'arishe. Akaikata pembeni "ili watu wakae katikati", akaipaka rangi kwa programu ya kwenye simu, akanirudishia ya kisasa kabisa, masweta ya kijani yanawaka. Halafu, sikiliza hapa, akanionyesha yale masweta na kuniambia, "Unaona? Rangi ya shule yao hiyo." Rangi ambayo programu imejibunia yenyewe dakika chache kabla! Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Programu haijui sweta lilikuwa la kijani au la kahawia, inakisia tu, na yeye akaifanya shahidi. Na nililipa. Usinicheke, na wewe uko njiani kulipa.

Nikashughulikia karatasi za kuvuka mpaka, nikapanda basi, Kondoa, Babati, Arusha, Namanga, hadi Nairobi, kisha matatu ya Kikuyu. Picha halisi niliiacha nyumbani kwa ushauri wa yuleyule mtaalamu, eti isiharibike njiani. Pale shuleni walinipokea vizuri mno. Mzee mmoja akaishika simu yangu, akaitazama kwa muda, akaniuliza, "Na picha nzima iko wapi?" Sikuwa na jibu. Akaniuliza hicho kitu cha kijivu ukingoni ni nini. Nikamjibu ukuta, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa.

Nikarudi na kumwomba shangazi atoe ile halisi kabatini. Ukuta, baba! Ni mbuyu. Mbuyu mzima, mnene, matawi juu hayana jani hata moja. Jamaa aliukata ukabaki ubavu tu. Sasa niambie, Kikuyu ya Kenya iko juu karibu mita 2,000, baridi ya kuvalia koti, mbuyu wa porini uliota wapi pale? Shangazi hata miwani hakuvaa. Akasema, "Si hapo Mazengo?"

Mazengo, wakuu! Shule ambayo kabla ya kuitwa Mazengo iliitwa Alliance, na iko Kikuyu, Kikuyu ya hapa Dodoma, palipo na Chuo Kikuu cha St John's leo. Mimi nimekulia Makole, hapahapa Dodoma. Kikuyu naenda kwa miguu. Nimevuka mpaka wa nchi kutafuta mahali ninapopita nikienda kuwaona wakwe.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sitaibadilisha: pembe za picha kwanza, watu baadaye, maandishi mwisho kabisa. Watu huhama, nguo huazimwa, penseli hushikwa na yeyote. Kilima hakihami, mbuyu hauhami. Na ule mbuyu ulinipa hata majira: huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na mbuyu mkavu kama ule ni wa kiangazi.

Huo muhuri wako unasema picha ilisafishwa Tabora, basi. Mtu wa Manyoni au Itigi, miji midogo ya kwenye reli hiyohiyo, alikuwa anatuma mkanda mjini kama kawaida. Na huo mwaka 1908 wa ukoo wenu, sijui nani aliuanzisha. Reli ya Kati iliondoka Dar es Salaam 1905, Dodoma ikafika 1910, Tabora 1912. Mwaka 1908 babu yako angesimama stesheni ipi huku kwetu, Dodoma au Tabora?

Badala ya babu, tazama ubavu wa behewa nyuma yake. Ukiona EAR&H, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki, hiyo ni kati ya 1948 na 1969. EAR peke yake, yaani reli bila bandari, ni mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. TRC, Shirika la Reli Tanzania, ni baada ya hapo, na Mjerumani wenu atakuwa ameshaondoka miaka mingi. Herufi zikisomeka kinyumenyume, picha ilisafishwa imegeuzwa, na kilima cha kushoto kitakuwa cha kulia, usije ukazunguka nacho mji mzima.

Uliuliza na kitu kingine, nadhani cha kuitunza isiote ukungu. Hilo wengine watakujibu. Wewe leo piga picha nzima kwa simu, mbele na nyuma, pembe zote nne zionekane, hata ile iliyoliwa na mende, uipandishe hapa. Nataka kuona kilicho nyuma ya paa la stesheni. Na huyo fundi akikwambia kuna ukuta, niambie anapatikana mtaa gani, maana nahisi tunamfahamu wote wawili.