Texas si Ohio, dada

Dada, kule Ohio ulizoea benki ipite mahakamani kwanza kabla ya kunadi nyumba ya aliyechelewesha mkopo. Texas usisubiri kuitwa na hakimu: nyumba nyingi hunadiwa bila kesi, Jumanne ya kwanza ya mwezi, baada ya notisi ya siku 21. Kabla ya hiyo hupewa siku 20 za kulipa malimbikizo. Miezi yako miwili ya kuchelewa kulipa bado haijafika mbali. Sheria ya shirikisho humzuia mkopeshaji kuanza hatua za kunadi mpaka uchelewe zaidi ya siku 120. Bahasha zao zifungue, hata hizo ulizozirundika juu ya friji.

Kuhusu mabadiliko ya sheria hizi, bunge la Texas hukutana miaka witiri, kama 2025, na sheria nyingi mpya huanza 1 Septemba. Mwezi huo mpigie mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, umuulize kilichobadilika. Ushauri wa kuokoa nyumba ni bure. Anayedai ada mapema mkimbie.