Kabla Hujaacha Nta ya Nyuki kwenye Mafuta ya Mdomo

Dada mmoja wa Mombasa ameniandikia wiki hii. Amefuata vipimo alivyovikuta mtandaoni, nta kijiko kimoja na mafuta ya nazi vijiko vitatu, na mafuta yake ya mdomo yamekuwa uji ndani ya mkoba. Anauliza kama aachane na nta ya nyuki, ahamie karnauba, nta inayotokana na mmea. Dada yangu, usiiache. Mkosaji wako ni nazi, akisaidiwa na kile kijiko.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Anayekaa nchi ya baridi huyahesabu kuwa kitu kigumu, maana kwake yanakaa yameganda chupani. Mombasa na Dar es Salaam ni maji matupu karibu mwaka mzima, na Njombe mwezi wa Julai yanaganda kama samli. Pwani yaweke kwenye hesabu ya mafuta ya maji, na yasizidi gramu 10 katika kila gramu 100. Kijiko nacho kinadanganya: nta iliyokunwa laini na nta ya vipande hujaza kijiko kilekile kwa uzito tofauti. Nta hupimwa kwa mizani. Bila mizani ya jikoni inayosoma gramu, kila utakachopika kitakuwa bahati nasibu, na mteja wako hanunui bahati nasibu.

Sasa nta zenyewe. Ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na sifa yake kubwa ni kunata. Inashika mafuta, inalainika kwa joto la mdomo, na haitoki mara moja. Kandelila, inayotoka kwenye kichaka cha jangwani kaskazini mwa Meksiko, huyeyuka karibu na nyuzi 70. Ni ngumu zaidi, inang'aa, lakini mnato wake ni mdogo. Karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi kaskazini mashariki mwa Brazili, na huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Hiyo ni kiungo cha kuongezea ugumu. Ukiitumia peke yake utapata kijiti kinachokatika na kukwaruza mdomo.

Kwa hiyo usibadilishe gramu kwa gramu. Mahali pa nta ya nyuki gramu 25, kandelila gramu 13 au 14 inatosha. Wasiotumia chochote cha mnyama waanzie hapo, na pengo lililobaki walijaze kwa siagi ya shea na mafuta ya nyonyo, kwa sababu nyonyo ni mazito na yanarudisha ule mnato uliopotea.

Kijiti cha pwani, gramu 100: nta ya nyuki 25, karnauba 3, siagi ya shea 20, mafuta ya nyonyo 27, mafuta ya ufuta 15, nazi 10. Ukiwa Njombe au Limuru toa karnauba, punguza nta ya nyuki iwe 22, na ufuta upande hadi 21. Ya kopo, yanayochotwa kwa kidole, nta 18 bila karnauba, ufuta 25, vingine vibaki vilevile. Ufuta uwe uliosafishwa, la sivyo harufu yake itafunika kila kitu.

Namna ya kuyeyusha ndipo wengi wanapoharibu. Weka kopo la bati au bakuli ndani ya sufuria ya maji; usiweke nta juu ya moto wenyewe, kwani ikishika moto huwezi kuizima kwa maji. Anza na karnauba na nyonyo peke yake, maji yakichemka kwelikweli, mpaka usione chembe hata moja. Ndipo nta ya nyuki, kisha mafuta mengine kidogokidogo huku unakoroga. Ukimwaga shea baridi kwa mkupuo, karnauba itaganda papo hapo na utaona mchanga mweupe chini. Rudisha kwenye mvuke hadi uishe. Angalia pia matone ya mvuke yasidondokee ndani, kwa sababu maji huleta ukungu. Na asali usitie: haichanganyiki na mafuta, itakaa chini kama tope.

Kabla ya kumimina, chovya kijiko cha chuma kilichotoka kwenye friji, kirudishe humo dakika tano, kisha kiache mezani kipate joto la chumba. Bonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikizama bila kazi, ongeza nta gramu 2. Ukilazimika kusugua kwa nguvu ndipo mdomo upate mafuta, ongeza nyonyo gramu 5. Jaribio hili ni la lazima hata kwa vipimo vyangu, maana nta ya mzinga mmoja si sawa na ya mwingine.

Na hakikisha ni nta ya nyuki kweli. Wapo wanaochanganya na nta ya mishumaa, hata kwenye madonge yanayouzwa kwa jina la Tabora. Nta safi ina harufu ya asali, ukiivunja ikiwa baridi sehemu iliyovunjika ina chembechembe, na ikikaa muda mrefu huota unga mweupe juu ambao hufutika kwa kitambaa kikavu. Donge linaloteleza mkononi na halina harufu, liache dukani. Ukinunua masega, yafunge kwenye kitambaa, yachemshe ndani ya maji, kamua, acha ipoe, kisha kwangua uchafu ulioshika chini ya donge. Usitumie chungu cha chuma cheusi wala shaba. Vyote viwili huharibu rangi ya nta.

Shea ikipoa polepole hufanya punje zinazosikika mdomoni. Yeyusha tena yote, mimina, na uingize kwenye friji dakika 15. Kijiti kikizama katikati na kuacha shimo, ni nta imejikunja ilipopoa: bakiza mchanganyiko kidogo ukiwa wa moto, ujazie juu kabla hakijaganda chote.